Chuo Kikuu Kilianzishwa na Wageni

Tangu nirudi kutoka Bologna, maswali yanayoingia kwa simu yangu ni yale yale. Uliomba aje? Nani alilipa? Chakula kiko aje? Hayo ya kuomba nitayaandikia siku yake, na chakula kiko sawa, asanteni. Leo nataka niwaambie kitu ambacho hakuna mtu aliniambia kabla sijapanda ndege, nikakipata tu kwa kusoma historia ya ule mji jioni ambazo wenzangu walikuwa wameenda kujivinjari. Hii taasisi inayoitwa chuo kikuu, ile tunakaa nyumbani tukisubiri KUCCPS ituingize, haikuanzishwa na mfalme wala wizara. Kule Bologna ilianzishwa na wanafunzi wa kigeni waliochoka kunyanyaswa mjini.

Najua inakaa kama zile historia za TikTok ambazo mtu amejitungia akiwa kwa matatu. Tulieni, twende polepole.

Ukitembea Bologna, mwaka 1088 uko kila mahali. Uko kwa fulana, kwa mabegi, kwa vikombe vya kahawa. Ndio mwaka wanaosema chuo kilizaliwa, na ndio sababu kinajiita kikongwe kuliko vyote Ulaya. Lakini huo mwaka ulichaguliwa na kamati. Katika karne ya 19 Italia ilikuwa taifa jipya linalotafuta mambo ya kujivunia, na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci ikaamua kwamba 1088 inafaa, ili 1888 wapige sherehe ya miaka 800. Hakuna cheti cha usajili cha mwaka huo. Kilichokuwepo ni walimu wa sheria, maarufu wao akiwa Irnerius, waliokuwa wakichambua sheria za kale za Kirumi zilizokusanywa na Kaisari Justinian katika karne ya 6.

Na hiyo sheria ilikuwa na pesa. Miji ya Italia ilikuwa inakua, wafanyabiashara wanashtakiana, maaskofu na wafalme wanagombania mashamba na mamlaka, na kila mmoja anatafuta mtu wa kumwandikia hoja. Kijana aliyetoka Ujerumani au Uhispania akasoma Bologna alirudi nyumbani akiwa na kazi. Ndio wakaanza kumiminika.

Kabla hamjanirukia kwenye maoni: ndio, Qarawiyyin ya Fez ni ya mwaka 859, na Al-Azhar ya Cairo ni ya karne ya 10. Watu walikuwa wanasafiri Afrika kutafuta elimu kabla Irnerius hajazaliwa. Hata hapa kwetu Lamu, Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh ambaye mwenyewe alikuja kutoka Komoro, umepokea wanafunzi wa mbali kwa zaidi ya miaka 100. Ninachosema kuhusu Bologna ni kitu chembamba kuliko hicho. Ni kuhusu neno. Wazungu wanaposema chuo kikuu wanatumia neno lililotoka kwa Kilatini, universitas, na wakati ule universitas haikumaanisha majengo, wala digrii, wala mahafali. Ilimaanisha chama. Waokaji mikate wangeweza kuwa na universitas yao. Sacco ya bodaboda ingeitwa universitas.

Sasa kwa nini wanafunzi walihitaji chama?

Fikiria wewe ni Mkenya, uko Bologna mwaka 1150. Kuna Mkenya mwingine, hujawahi kumwona, alikopa pesa kwa muuza nguo akatoroka usiku. Asubuhi muuza nguo anakuja kwako. Humjui huyo mtu? Haijalishi. Mkenya ni Mkenya, lipa. Hii haikuwa uhuni wa mtaani tu, ilikuwa desturi iliyotambuliwa: deni la mmoja lingeweza kudaiwa kwa yeyote wa kwao. Mwenyeji wa Bologna alilindwa na sheria za mji wake. Mgeni hakuwa na mji pale. Alikuwa na mfuko wa pesa, na kila mtu alijua anao.

Wa kwanza kuingilia alikuwa Kaisari Frederick Barbarossa, kwa amri inayojulikana kama Authentica Habita. Huwa inawekwa mwaka 1155, ikathibitishwa 1158. Ilisema wanaosafiri kwa ajili ya masomo wasafiri na kuishi kwa usalama, mtu asishikwe kwa deni la mwenzake wa kwao, na mwanafunzi akishtakiwa achague ahukumiwe na mwalimu wake au na askofu. Soma hiyo tena ukikumbuka foleni ya viza. Miaka zaidi ya 850 iliyopita kuna mtu alikaa chini akaandika kwamba anayeacha nyumbani kwa sababu ya elimu anastahili ulinzi wa pekee. Sijui ni lini tuliamua kwamba anastahili kuulizwa salio la benki la miezi sita.

Lakini amri ya Kaisari ni karatasi, na Kaisari anaishi mbali. Kwa hivyo wanafunzi wakajipanga wenyewe. Kufikia karne ya 13 walikuwa na vyama viwili vikubwa vya sheria: cha waliotoka sehemu nyingine za Italia, na cha waliotoka ng'ambo ya milima ya Alps. Ndani yake kulikuwa na vikundi vidogo vilivyoitwa mataifa, kila watu na kwao. Kama umesoma kampasi yoyote Kenya unakijua hiki kitu. Ni chama cha wanafunzi wa Kitui, cha Turkana, cha Kisii, kile kinachokuchangia ukifiwa na kinachokupigia debe wakati wa uchaguzi. Na kiongozi mkuu wa chama, rekta, alikuwa mwanafunzi. Neno ambalo leo Italia linamaanisha mkuu wa chuo, mwenye joho na dereva, lilikuwa la komredi.

Wenyeji wa Bologna hawakuwa wanachama. Wao tayari walikuwa na haki kama raia, wangetaka chama cha nini? Na maprofesa pia hawakuwa wanachama. Walikuwa wameajiriwa.

Hapa ndipo nilicheka peke yangu maktabani hadi mtu akanigeukia. Profesa wa Bologna aliapa kutii chama cha wanafunzi. Alikuwa hawezi kuondoka mjini bila ruhusa, na akiruhusiwa anaacha amana ya pesa ya kuhakikisha atarudi. Kengele ikilia lazima awe ameanza, na ikilia ya kumaliza hawezi kuendelea kuongea. Akiruka sehemu ngumu ya kitabu, faini. Akishindwa kuvutia angalau wanafunzi watano kwa mhadhara wa kawaida, anahesabiwa hakuja, faini. Sisi ambao tumewahi kusubiri mhadhiri kutoka saa mbili mpaka saa tano, halafu kiongozi wa darasa anatuma ujumbe kwamba amepata dharura, hebu tunyamaze kwa heshima kidogo.

Walikuwa na nguvu hiyo kwa sababu moja: wao ndio walilipa. Hakukuwa na mshahara wa serikali. Profesa alipatana na wanafunzi wake, wakamchangia. Na hapo pia msidhani makomredi walikuwa malaika. Kuna profesa mmoja wa karne ya 13, Odofredo, ambaye aliwaambia wanafunzi wake mwisho wa mwaka kwamba masomo yale ya ziada ya mchana hatayatoa tena, kwa sababu wanafunzi si walipaji wazuri. Kila mtu anataka kujua, hakuna anayetaka kulipa. Ukimweka Odofredo kwa mkutano wa wahadhiri wa Kenya leo, atapigiwa makofi.

Tusiwapake asali pia kwa sababu nyingine. Hawa hawakuwa watoto wa hohehahe. Kusoma sheria miaka mingi mbali na nyumbani kulihitaji familia yenye mali au cheo cha kanisa chenye mapato. Wanawake walibaki nje. Ilibidi ngoja mpaka 1678, huko Padova, ndipo Elena Cornaro Piscopia akapewa udaktari wa falsafa, na 1732 Laura Bassi akapata wake Bologna na kuanza kufundisha. Na hata chama kikiwa na nguvu zake zote, mtihani wa mwisho ulibaki mikononi mwa maprofesa. Wao ndio waliamua nani ni daktari wa sheria na nani arudi asome. Kumbukeni hilo, kwa sababu nitarudi kwa swali la nani anashika karatasi.

Sasa, nyumba. Mji wote ulikuwa unawapangisha wanafunzi. Zile varanda maarufu za Bologna, portici, zenye urefu wa kilomita 62 ukizijumlisha na zilizoingizwa kwa orodha ya UNESCO mwaka 2021, zilikua hivyo kwa sababu watu walihitaji vyumba zaidi. Mji ulijaa, wanafunzi wakiwemo, na mwenye nyumba alisukuma ghorofa ya juu ikatokeza juu ya njia, akaisimamisha kwa nguzo. Mwaka 1288 mji ukatunga sheria kwamba nyumba mpya lazima iwe na varanda chini, watu wapite. Unatembea kilomita nzima kwa mvua bila mwavuli, na juu ya kichwa chako ni vyumba vya kupanga vya miaka 700.

Na kodi ilipangwaje? Kwa mazungumzo. Kulikuwa na wakadiriaji, wanafunzi wawili na wenyeji wawili, wanakaa wanakubaliana nyumba hii ni kiasi gani. Landilodi akizidisha, chama kinaifungia nyumba yake, hakuna mwanafunzi anapanga hapo. Mwezi wa Mei 2023 wanafunzi wa Italia walipiga hema nje ya vyuo vyao, Milano, Roma, Bologna na kwingine, kupinga kodi. Mimi mwenyewe nililipa chumba cha watu wawili pesa ambayo hapa Nairobi ingenipa keja ya vyumba viwili na mabadiliko. Hema ni sawa, lakini waliowatangulia walikuwa na silaha kubwa kuliko hema.

Silaha yenyewe ilikuwa kuondoka. Chuo hakikuwa na majengo, kumbukeni. Masomo yalifanyika nyumbani kwa mwalimu, kwa ukumbi wa kukodi, kanisani. Chama kikikosana na mji, kinafunga virago, na chuo kinaondoka nacho, pamoja na pesa zote za kodi, mvinyo, mishumaa na vitabu. Mwaka 1222 kundi la wanafunzi na walimu liliondoka Bologna, na hivyo ndivyo Chuo Kikuu cha Padova kilianza. Mwaka 1321, baada ya mji kumuua mwanafunzi mmoja, wengi walihamia Siena, na Siena ikawapokea kwa mikono miwili maana ilikuwa inawatamani kitambo. Mgomo wetu huishia kwa vitoa machozi na barua ya kufungwa kwa chuo. Wao walibeba chuo.

Kitu kingine kidogo kabla sijaondoka karne hizo, kwa sababu nakipenda. Vitabu vilikuwa ghali mno, kila kimoja kinaandikwa kwa mkono. Kwa hivyo kulikuwa na maduka yaliyoweka nakala iliyosahihishwa, ikiwa imegawanywa vipande vipande visivyoshonwa, kila kipande kinaitwa pecia. Unakodi kipande kimoja, unakinakili, unakirudisha, unachukua kinachofuata, huku mwenzako ana kile ulichorudisha. Kitabu kimoja kinasomwa na watu wengi wakati mmoja. Yaani yule jamaa wa fotokopi nje ya geti, mwenye mitihani yote ya nyuma tangu 2009, ana babu yake Bologna.

Matunda ya haya yote mnayajua, ila labda hamjui yalipita hapa. Nicolaus Copernicus alitoka Poland akaja Bologna mwaka 1496 kusoma sheria za kanisa. Alipanga kwa profesa wa elimu ya nyota, Domenico Maria Novara, na usiku wa tarehe 9 Machi 1497 wakatazama mwezi ukiifunika nyota ya Aldebaran. Sheria alikuja nayo kwa ajili ya mjomba wake askofu. Nyota alizikuta kwa nyumba aliyopanga. Baadaye akasoma udaktari wa tiba Padova, halafu digrii ya sheria akaichukua Ferrara mwaka 1503, chuo ambacho hakuwa amesoma, na inaelezwa mara nyingi kwamba sababu ilikuwa gharama. Bologna na Padova ulitarajiwa kuwaandalia watu karamu kubwa ukimaliza. Mwanzilishi wa elimu ya nyota ya kisasa alikwepa kuchinja mbuzi.

Mwingereza William Harvey alipata digrii yake ya tiba Padova mwaka 1602, baada ya kusoma kwa Fabrici, aliyekuwa amechunguza vali za mishipa ya damu. Mwaka 1628 Harvey akachapisha kitabu kinachoeleza kwamba damu inazunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Na Padova ilipata watu kama hawa kwa sababu ya msimamo. Mwaka 1564 Papa aliagiza kwamba anayepewa digrii aape kwanza imani ya Kikatoliki. Padova ilikuwa chini ya Venezia, na Venezia ni wafanyabiashara. Hawakutaka kumfukuza mteja kwa sababu ya dini. Wakatafuta njia za pembeni, na mwaka 1616 wakaunda jopo la kutoa digrii kwa jina la serikali, bila kiapo cha kanisa. Waprotestanti wakapita hapo. Wayahudi pia walisomea tiba Padova wakati milango mingi ya Ulaya ilikuwa imefungwa, ingawa walitozwa zaidi ya wengine. Mgeni alikaribishwa, na mgeni alikamuliwa, kwa wakati mmoja.

Nguvu za wanafunzi zilipotea polepole, bila vita. Kuanzia mwisho wa karne ya 13 mji ulianza kuwalipa maprofesa mishahara, ili wasihame. Wanafunzi walifurahia kupunguziwa mzigo. Kisha siku moja mwenye kulipa akaanza kuamua nani anafundisha, na rekta wa wanafunzi akabaki na cheo na sherehe. Huo mstari ukiufuata unafika mahali pabaya. Mwaka 1931 serikali ya Mussolini iliwataka maprofesa waape utiifu kwa ufashisti, na kati ya zaidi ya 1,200 waliokataa walikuwa kama 12 hivi. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi zikawafukuza maprofesa na wanafunzi Wayahudi. Chuo kilichozaliwa kwa kumlinda mgeni kikawa kinakagua ukoo wa mtu mlangoni.

Na sisi Waafrika tulikuwa wapi? Tulikuwepo, kwa mlango wa kanisa zaidi. Roma ilikuwa na chuo cha Urbano tangu 1627, kilichojengwa hasa kufundisha vijana kutoka nchi za mbali wawe mapadre. Ndiko alikosoma Maurice Otunga, mtoto wa chifu kutoka Bungoma, aliyepewa upadre Roma mwaka 1950 na kuwa kadinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Na Eritrea, enzi ilipokuwa koloni la Italia, mtoto Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuzidi darasa la nne. Weka hayo mawili kando kwa kando. Padre tunamtaka, mhandisi hapana. Somalia baada ya uhuru ilichukua njia yake: chuo kikuu cha taifa Mogadishu kilifundisha vitivo vingi kwa Kiitaliano, maprofesa wakija kwa zamu kutoka Italia, mpaka dola ilipoanguka 1991. Ndio maana ukikaa na wazee fulani Eastleigh utasikia Kiitaliano safi kuliko changu.

Hata Ngomeni, pale karibu na Malindi, kile kituo cha kurushia setilaiti kiliendeshwa na Chuo Kikuu cha Roma, La Sapienza. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Chuo cha Kiitaliano kilikuja mpaka kwa bahari yetu. Sisi kwenda kwao ndio ilikuwa shida.

La Sapienza ndiyo inanileta kwa mtu ambaye hii posti nzima ilikuwa inamngoja. Sofia Corradi alizaliwa Roma mwaka 1934. Akiwa mwanafunzi wa sheria pale, alipata ufadhili wa Fulbright akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akasoma sheria linganishi, akarudi 1958 na digrii ya uzamili mkononi. Akaenda kwa dirisha la ofisi kuomba masomo yale yahesabiwe kwenye digrii yake ya Roma. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliaibishwa mbele ya watu. Karatasi yake ya Columbia ilionekana kama picha za likizo. Ilibidi arudie mitihani.

Wengi wetu tungelia, tuweke hadithi kwa mtandao, tuendelee na maisha. Yeye aliikumbuka. Mwaka 1969, akiwa amepata kazi na baraza la wakuu wa vyuo vya Italia, aliandika pendekezo kwamba mwanafunzi akisoma sehemu ya kozi yake nchi nyingine, kwa mpango uliokubaliwa mapema, ihesabiwe. Alizunguka nalo mikutanoni, akalisukuma kwa watu, miaka ikapita. Mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ikaanzisha Erasmus. Mwaka wa kwanza walikwenda wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo walioshiriki wamepita milioni 10, na tangu 2015 mlango umefunguliwa pia kwa vyuo vya nje ya Ulaya, vya Kenya vikiwemo. Jina lilifanyizwa lifanane na Erasmus wa Rotterdam, yule Mholanzi mwanazuoni, ambaye naye udaktari wake aliuchukua Torino mwaka 1506. Waitaliano humwita Corradi Mama Erasmus. Mwaka 1999, nchi 29 zilikutana Bologna kukubaliana mfumo wa digrii unaoweza kulinganishwa, na wakachagua Bologna kwa sababu mnazoweza kuzikisia sasa.

Mimi nimesoma kwa pesa za mpango alioupigania huyo mama. Nilifanya mitihani ya mdomo, ana kwa ana na profesa, kwa mfumo wao wa alama 30 ambapo 18 ni kupita. Nilipata 28 kwa somo moja na 30 kwa lingine. Nikarudi nyumbani. Kabla sijaondoka kila kitu kilikuwa kimetiwa sahihi: mimi, chuo cha kule, chuo cha hapa, ambacho sitakitaja. Ofisini nikaambiwa hawajui 28 kati ya 30 ni A au ni nini, na kwamba aliyetia sahihi ameshahamishwa idara, na kwamba njia rahisi ni nirudie yale masomo na kundi linalofuata. Rahisi kwa nani? Nimekaa kwa lile benchi nikimfikiria Sofia Corradi mbele ya dirisha lake mwaka 1958, na nikajua kabisa sauti aliyoisikia.

Na msiniambie hatukuwahi kuwa na hii akili. Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Ukitaka sheria unaenda Dar. Tiba, Makerere. Uhandisi, Nairobi. Mkenya, Mganda na Mtanzania wanakaa bweni moja na hakuna anayeuliza alama za nani zinahesabiwa wapi. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu, ni mmoja wa Wakenya waliosomea sheria Dar enzi hizo. Kisha kila nchi ikataka chuo chake, bajeti yake, na mwenyekiti wake wa heshima. Mwaka 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la pamoja la elimu ya juu. Ni tangazo zuri, nimelisoma. Rafiki yangu aliyesoma miaka miwili Kampala akataka kuhamia hapa Nairobi alianzishwa upya mwaka wa kwanza.

Kwa wale mnaoomba mwaka huu, basi, hii ndiyo sehemu ya kuweka alama. Kabla hujanunua tiketi, omba chuo chako kikuandikie, kwa barua yenye mhuri, jinsi alama za kule zitakavyogeuzwa kuwa alama za hapa, somo kwa somo. Jina la cheo kwenye barua, sio jina la mtu, kwa sababu watu huhamishwa. Weka nakala kwa barua pepe, nakala kwa mama, nakala moja ya karatasi. Ukifika Italia una siku nane za kazi kuomba kibali cha kukaa, fomu ziko posta, na risiti ya posta usiipoteze maana utaishi nayo kuliko kadi yenyewe. Na kama uko kwa serikali ya wanafunzi, achaneni kidogo na tamasha la utamaduni. Ajenda ya kwanza ya mkutano ujao iwe jedwali la kugeuza alama. Kwetu nimeshalipeleka, limewekwa nambari saba kwenye orodha, baada ya jezi.